Kamera Iliyokata Vichwa

Dada yangu mkubwa tulimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake. Alikuja nayo kazini, akarudi nayo nyumbani, na mara moja alikwenda nayo msibani, akaigundua alipoinama kunawa mikono ikamtangulia kwenye beseni. Watoto wangu walimwita Shangazi Futi, na kitinda mimba wangu aliamini kabisa kwamba alizaliwa nayo.

Tulifanya kazi chumba kimoja, ghorofa ya juu ya jengo la zamani, lenye ngazi za saruji zilizolika katikati kama sabuni. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, ule wa barabarani. Wakataji walikaa karibu na madirisha, maana mkasi unataka mwanga. Katikati zilipangwa cherehani. Mwisho kabisa, gizani, ilikuwa meza yangu ya pasi. Sikuwahi kulalamika. Mtu mwenye haya ukimpa kona yenye mvuke umempa ikulu.

Kazi yetu ilikuwa sare: za shule, za wauguzi, za walinzi. Mkuu wetu alikuwa mzee mkali tuliyemwita Babu, ingawa hakuwa babu wa mtu yeyote mle ndani. Ndiye aliyetufundisha wote. Ukija kujifunza kwake hakukupa sindano. Alikupa nguo kuukuu na wembe, akakwambia, "Fumua." Ukafumua mashati, ukafumua suruali, ukafumua koti mpaka likalala vipande vipande mezani kama kuku wa mgeni. Hapo ndipo alipokuuliza, "Umeona aliyeshona alikosea wapi?" Ukisema hujaona, unapewa koti jingine. Dada alifumua muda mrefu kuliko wenzake wote. Si kwamba alikuwa mzito wa kuelewa. Wenzake walisema wameona ili wapewe cherehani. Yeye kama hakuona alisema hajaona, akaomba koti jingine.

Sheria nyingine ya Babu ilikuwa ya pini. Ukimvisha mteja nguo ambayo haijakamilika, unashika pini kwa midomo ili mikono iwe huru. Na mwenye pini mdomoni hasemi, hacheki, wala hageuki hata akiitwa. "Ukicheka utaimeza," Babu alikuwa akisema, "na ukiimeza usinijie mimi, nenda hospitali." Basi mle ndani pini ilikuwa na heshima yake. Mtu mwenye pini mdomoni hukumsemesha hata kama jengo linaungua.

Mambo ya kamera yalianza na msiba. Tulikuwa na mwenzetu aliyekata matundu ya vifungo, mtu mpole, mpweke, anayekula chakula chake akitazama dirishani. Aliugua kidogo tu, akafariki. Ndugu zake walipofika walituuliza kama tuna picha yake waiweke mbele ya jeneza. Tukatazamana. Miaka ile simu zilikuwa za kukaa mezani na waya wake, na picha ulipiga kwa kwenda studio ukiwa na sababu. Hatukuwa na hata moja. Wale ndugu wakachukua picha ya kitambulisho, ndogo kama stempu, wakaikuza na kuikuza mpaka uso wa mwenzetu ukawa ukungu wenye masikio.

Dada alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukirudi akaniambia, "Yule si yeye. Mdogo wangu, mabega yake ninayajua, urefu wa mkono wake ninaujua, hata bega lililoshuka ninalijua. Lakini uso wake nautafuta hapa," akagusa paji la uso wake, "siupati."

Haukupita muda, mwenye jengo akatuambia ameuza. Tuhame kabla ya mwezi kwisha, vyombo vyake avichukue, kila mtu aangalie ustaarabu wake. Babu akasema yeye amekwisha kushona. Anakwenda kukaa kwa binti yake, mbali, na asisumbuliwe. Wengine walikuwa wamekwisha kupata vibarua huku na kule. Siku hiyo hiyo dada akasimama katikati ya chumba, yeye asiyependa kusimama katikati ya chumba, akasema anataka picha moja. Moja tu. Sote, humu humu ndani, kila mtu mahali pake, na Babu akiwemo, kabla hatujatawanyika.

Tulimwita mpiga picha wa studio ya barabara ya pili. Akaja na taa yake ya kumulika. Alipoijaribu tu, ikapiga pwaa! Babu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia utando na mwanga mkali ulimchoma, akavuta kitambaa cha bitana akajifunika kichwa kama mtu anayejifukiza.

"Sipigwi radi ndani ya nyumba!" akasema chini ya kitambaa.

"Mzee, bila taa humu ni pangoni," mpiga picha akamwambia.

"Basi toka pangoni. Nani alikuita?"

"Babu, tushuke nje basi kwenye jua," dada akambembeleza.

"Mimi ni fundi wa barabarani? Nimekaa kwenye cherehani hii tangu wewe unanyonya. Anayetaka kunipiga anipige nikiwa hapa, na asinimulike."

Mpiga picha akakunja taa yake na kwenda zake. Huku chini, dirishani kwa fundi redio, palikuwa na kamera kuukuu ya mkanda imekaa kati ya birika na saa ya ukutani. Dada akashuka akarudi nayo. Nilimuuliza fundi redio alisemaje.

"Kasema inafanya kazi ila ina tabia zake."

"Tabia gani?"

"Nimemuuliza. Kasema, 'Utaziona.'"

Tulianza kuziona jioni ile ile. Mlango wa nyuma, pale unapoweka mkanda, ulikuwa na komeo lililolegea. Ukiiinamisha kamera, mlango unafunguka wenyewe, na mkanda ukionja mwanga umekwisha. Dada akakata lastiki pana ya kiuno cha suruali akaishonea kamera mshipi wa kubana tumbo, wa kufunga kwa kifungo. Kifungo chenyewe kilishonwa na mwenzetu tuliyemwita Kifungo, mtu mfupi, mviringo, mwenye kushona vifungo mchana kutwa huku mdomo wake ukienda kwa kasi kuliko sindano.

"Hii kamera sasa imevaa kuliko mimi," alisema alipomaliza.

Mkanda wa kwanza dada alitupiga mmoja mmoja, kwa kujifunza. Bi Overloki, mama mtulivu aliyeendesha mashine ya kuzungushia pindo, alipaka wanja. Kifungo alivaa tai. Mkanda ukapelekwa studio kusafishwa, na yule mpiga picha aliyefukuzwa na Babu, ambaye kwa bahati hakuwa na kinyongo, akaurudisha mtupu. Ungeweza kusomea gazeti upande wa pili.

"Hukupiga kitu, dada yangu," akamwambia. "Mkanda haukutembea. Ulikuwa unavuta mkono wa kamera wa kuusogeza, lakini ncha yake ilichomoka ndani."

Kifungo alivua tai yake akaikunja kwa huzuni kama bendera.  Futi aliketi kwenye cherehani yake, akaanza kushona, na mimi nikimtazama kutoka kwenye pasi niliona mguu wake ukisimama ghafla. Akatazama kirili cha uzi kilichokaa juu ya mashine. Akaichukua kamera, akatia mkanda mpya, akauvuta mkono wa kamera taratibu na kukitazama kile kitufe kidogo cha upande wa pili, cha kurudishia mkanda ukiisha. Kikazunguka.

"Njoo uone," akaniita. "Uzi ukikatika na wewe hujui, si unaendelea kukanyaga? Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, unadhani unashona. Utajuaje?"

"Nitatazama kirili."

"Kisipozunguka, hushoni. Hii nayo ni hivyo hivyo."

Tangu hapo kila alipovuta mkono wa kamera, jicho lake lilikuwa kwenye kile kitufe. Akajua pia kwamba mkono ule haupendi haraka. Ukiuvuta kwa nguvu unasikia meno yanatafuna mkanda ndani. Aliuvuta kama anavyogeuza gurudumu la cherehani kwa kiganja akishona koti zito, mpaka asikie kwe, hapo anaacha.

Mkanda wa pili ukatoka na picha. Tulikusanyika mezani kwa wakataji, hata Babu akanyosha shingo. Picha zilikuwa safi, mwanga mzuri wa dirishani, mikunjo ya nguo inaonekana moja moja. Ila hapakuwa na mtu mwenye kichwa. Wote tuliishia shingoni.

"Huyu ni mimi," Kifungo akasema. "Nimejitambua kwa tumbo."

"Na huyu ni Bi Overloki, Mungu amrehemu," akasema mkataji mmoja.

Bi Overloki akachukua picha yake akaitazama kwa utulivu. "Wanja wangu wote ule," akasema.

Babu ndiye aliyecheka zaidi, na Babu kucheka ilikuwa kama mvua ya kiangazi. "Futi," akasema akifuta macho, "wewe umewapiga kama unavyowaona! Mtu akiingia hapa unaanzia begani. Kichwa hujawahi kukishonea kitu, unakijuaje?"

Tulicheka sana, naye akacheka, lakini nilimwona alivyozikusanya zile picha na kuzitia kwenye mfuko wa aproni, na nikajua anamfikiria nani. Mwenzetu wa matundu naye hakuwa na uso kichwani mwa dada. Kesho yake asubuhi aliniambia Babu amesema kweli nusu. "Ni kweli naanzia begani. Lakini nami nilichungulia, nikaviona vichwa. Nina hakika niliviona. Basi kilichoviondoa ni nini?"

Akafanya alivyofundishwa: akafumua. Hakuifungua kamera, alizifumua zile picha. Alimweka kila mtu tena mahali aliposimama siku ile, akapanga picha mbele yake, akatazama nini kimekatwa na kiasi gani. Waliosimama mbali walipoteza nywele tu. Waliosimama karibu walipoteza mpaka kidevu. Akaigeuza kamera, akaona kile kidirisha cha kuchungulia kiko juu, na jicho la kamera lenyewe liko chini yake. Akachukua pini akaiweka kwenye kidirisha, nyingine kwenye jicho. "Haya ni macho mawili ya watu wawili," akaniambia. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mimi natazama na mrefu, anayepiga ni mfupi. Kwa mbali wanaona mamoja. Ukisogea karibu, mfupi hafiki kichwani."

Dawa yake ilikuwa ya kifundi. Akiwa anachungulia, alimvika kila mtu, kwa mawazo tu, kofia juu ya kichwa, kisha akahakikisha kofia nzima imeingia ndani ya kidirisha. Mtu akiwa karibu, kofia ndefu. Mtu akiwa mbali, kofia fupi. Tukawa tunamsikia akinong'ona: "Kofia ya mlinzi... kofia ya nesi..." Mkanda uliofuata vichwa vyote vilikuwemo. Kifungo alibusu picha yake hadharani.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye mikono mizuri. Lakini nilichokiona kwa dada yangu wiki zile sijakiona tena. Wengine wakipewa chombo kibovu hugombana nacho au hukitupa. Yeye hakuitukana ile kamera hata mara moja. Kila ilipomwangusha aliiuliza.

Ilibaki tabia moja, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ukibonyeza, kamera haikupiga. Ilikaa kwanza, kama mzee aliyeulizwa umri wake. Unabonyeza, kimya, watu wanadhani tayari, wanalegeza mabega, wanaanza kuongea, ndipo inapiga kaa! Na kwa kuwa Babu alikataa taa, yule mpiga picha wa studio alikuwa amemfundisha dada afungue kitundu cha jicho chote na kuiacha ipige polepole, ili inywe mwanga wa kutosha. Basi mtu akitikisika, anatoka kama moshi. Tulikuwa na picha nzuri za cherehani zilizozungukwa na mizimu.

Asubuhi za baridi ndipo ilipochelewa zaidi. Dada alilijua hilo upesi, maana hata mafuta ya cherehani huganda asubuhi, na sisi tulizoea kuzichezesha mashine kabla ya kazi. Akawa anaitia kamera ndani ya sweta tangu nyumbani, akitembea nayo kifuani kama kifaranga. Ikipata joto ilifanya hima kidogo. Lakini bado ilifikiri.

"Watu wataganda vipi muda wote huo?" aliniuliza tukiwa tunakula mchana. "Nikisema tulieni, wanacheka. Nikisema msicheke, ndiyo balaa."

Nilikuwa na jibu, ila nilikaa nalo mpaka chai ikapoa, kama kawaida yangu. "Wape pini," nikasema.

Akanitazama. Kisha akainuka akaacha chakula. Alimpa Kifungo pini. Kifungo, aliyekuwa katikati ya hadithi ndefu ya shemeji yake na mbuzi, akaiona pini, akanyamaza, akaitia mdomoni, na mwili wake wote ukatulia kama cherehani iliyotolewa mkanda. Dada akabonyeza. Kamera ikafikiri, ikafikiri, kaa! Kifungo hakupepesa hata jicho. Picha ile ilipotoka, ungeweza kuhesabu nyuzi za shati lake.

Sasa mambo yote yalikuwa tayari, na siku zilikuwa zimekwisha. Tulikubaliana picha ipigwe asubuhi ya siku ya mwisho, kabla wachukuzi hawajaanza kushusha vitu. Usiku wake nadhani dada hakulala vizuri. Alifika na kamera kifuani, akaanza kutupanga. Babu alikuwa kwenye cherehani yake, ameshika kiuno cha suruali kana kwamba kweli kuna mteja anayeisubiri. Akamtazama dada kwa jicho lake lenye afadhali.

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mimi napiga, Babu."

"Nakuuliza unakaa wapi kwenye picha."

"Napiga. Anayepiga hawezi kuwemo."

Babu akaweka suruali chini. "Kwa hiyo siku yako ikifika tukuze kitambulisho?"

 Yeye ndiye pekee aliyeweza kusema neno kama lile bila kumwomba mtu radhi.

"Mfundishe mdogo wako apige," Bi Overloki akashauri.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikipiga mimi, sitakuwemo. Dada akanipa kamera, nikabonyeza mara moja kwa kujaribu, pua ya kamera ikapanda juu hata kifungo cha mshipi wake kikalegea. Akanipokonya kwa upole. "Huyu atatupiga dari," akasema. "Na yeye nataka awemo."

Mlangoni wachukuzi walikuwa wamefika. Mkubwa wao aliegemea mlango akisema wameagizwa waanze na kioo, kwa sababu kioo ndicho cha mwenye jengo, na gari limesimama vibaya. Kilikuwa kioo kikubwa cha wateja, kipana kama milango miwili, kimesimama mwisho ule mwingine wa chumba, karibu na madirisha. Dada akageuka kukitazama kile kioo. Sote tukamwona ndani yake akitutazama.

"Baba, nipe nafasi kidogo tu," akamwambia mchukuzi. "Kidogo. Kisha nitakusaidia mwenyewe kukishusha."

Akatugeuza wote tutazame kioo. Babu akageuza cherehani yake kwa kuikokota mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Dada akasimama ubavuni mwetu, mbele kidogo, kamera ikitazama kioo. Kisha akavua futi shingoni, jambo ambalo sikuwa nimeliona akilifanya bila mteja mbele yake, akapima kutoka kwenye kamera hadi kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo kurudi hadi kwa Babu, akajumlisha, akageuza pete ya umbali kwenye jicho la kamera mpaka kwenye jumla ile.

"Mbona unapima mara mbili?" Kifungo akauliza. "Kioo si kile pale?"

"Kioo ndicho kile. Wewe hukai kwenye kioo." Alikuwa anaongea polepole kama anayepita juu ya kitambaa na chaki. "Nilikwisha kukijaribu mara moja nikimalizia mkanda. Fremu ilitoka kali, hata alama ya chaki juu ya kioo. Mimi nikatoka ukungu. Mteja akirudi nyuma hatua moja, yule wa ndani naye si anarudi? Basi yule wa ndani yuko nyuma ya kioo kama nilivyo mimi mbele yake. Ndiye wa kupimwa, si kioo."

Akarudisha futi shingoni. Akachungulia, akinong'ona kofia zake. Babu akasema, "Toa dude hilo usoni. Umejificha."

Ni kweli. Ndani ya kioo tulikuwa sote na nyuso zetu, na pembeni palikuwa na mwanamke mwenye kamera mahali pa kichwa. Yeye aliyekuwa akitukata vichwa sasa alikuwa amejikata chake.

 Nilidhani dada atasema basi, haiwezekani, maana bila kuchungulia utajuaje kilichomo? Lakini aliishusha kamera taratibu mpaka kifuani, palepale ilipokuwa ikisafiri ndani ya sweta, akaiinua pua kidogo tu kwa ajili ya zile kofia, na hakuitazama tena. Mtu aliyezoea mkasi hautazami mkasi. Alinyosha mkono, akagawa pini. Kila mtu akatia yake mdomoni. Babu alikuwa nayo tayari. Ya mwisho akaitia yeye mwenyewe.

Wachukuzi mlangoni, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakanyamaza pia.

Akabonyeza. Kamera ikakaa, ikafikiri. Mimi kwa woga wa kutazamwa nilikuwa nimeweka pasi juu ya kitambaa kibichi bila kujua, nikasikia mvuke unapanda mbele ya uso wangu, na sikuweza kuugusa kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Kaa! Dada akavuta mkono wa kamera, na kitufe cha upande wa pili kilipozunguka, akapumua.

Kisha akaenda akashika ncha moja ya kioo kama alivyoahidi.

Tulikuwa tumekwisha kutawanyika mkanda uliposafishwa. Mpiga picha wa studio alimletea dada picha nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na alipompa alisimama akingoja amwone akiitazama. Sote tumo. Bi Overloki na wanja wake. Kifungo amekaza mdomo kwa mara ya pekee katika maisha yake. Mimi niko nusu, nusu nyingine ni mvuke, na hainisumbui. Watu wageni wakiiona picha ile huuliza kwa nini tumenuna sote, kama tuliosusa posho.

Nilimsindikiza dada kumpelekea Babu nakala yake. Alikuwa ameketi barazani kwa binti yake, macho yameharibika zaidi. Aliishika picha karibu kabisa na jicho lake moja, akaipitisha pole pole kama anayekagua mshono, na hatukuthubutu kumsemesha.

"Gurudumu la cherehani yangu liko kushoto kwangu," akasema mwisho. "Nani kaniuzia mashine ya mashoto?"

"Ni kioo, Babu. Kimegeuza."

"Ahaa." Akaendelea. Alimtaja kila mmoja kwa mahali pake, akiweka kidole. Akafika pembeni, akakaa hapo muda mrefu. "Na huyu ni wewe."

"Ndiyo, Babu."

"Uso wote upo."

"Upo."

"Kola yako imepinda."

Dada akainama kuitazama pichani. Kweli ilikuwa imepinda, futi ilikuwa imeivuta. Aliichunguza kama mwanafunzi aliyepewa koti la kwanza. "Nimeona," akasema.

Babu akamwita binti yake alete msumari na nyundo, akataka ipigwe ukutani sasa hivi tukiwepo, isije ikatundikwa na mtu asiyejua kupima. Binti alipokuwa anatafuta nyundo, dada alikuwa amekwisha kuvua futi shingoni na kusimama mbele ya ukuta.